Mtoto wa Kapata Naye Aingie Kitabuni

Posho hii tunataka kuwaeleza kazi moja tuliyoanza na mvua za kwanza, kazi ya mikasi, katoni na vipande vya vitenge. Tunawatengenezea watoto wetu wa miaka miwili hadi sita vitabu vya picha vinavyosimulia mambo yao ya kila siku: jino la kwanza, hatua ya kwanza, nywele kusukwa mara ya kwanza, siku ya kwanza ya masomo. Wengi mmetuuliza kwa nini wamama wanaohangaikia feza ya unga wanakaa chini kukata karatasi. Swali lenu ni la haki, na tutalijibu. Ila kwanza tueleze vitabu hivyo ni vya namna gani.

Vitabu vya picha vya watoto wadogo havina hadithi ndefu. Havina sungura mjanja wala mfalme. Mtoto anaamka, anavaa, anakula, anagombana na mdogo wake, analala. Katika nchi zinazosema Kifaransa wanavyo kwa wingi. Kuna T'choupi, ambaye Mfaransa Thierry Courtin alianza kumchora mwaka 1992: posho hii anajifunza kukaa kwenye poti, posho nyingine anamkaribisha mtoto mchanga nyumbani. Kabla yake alikuwako Martine, binti wa vitabu vya Kibelgiji, aliyeandikwa na Gilbert Delahaye na kuchorwa na Marcel Marlier tangu mwaka 1954. Baadhi yetu, mabinti wa wafanyakazi wa Gécamines, tulimwona Martine tukiwa wadogo, katika nyumba za wakubwa wa kazi, na nguo zake safi na mbwa wake. Tulimpenda. Hatukujiuliza kwa nini hatujawahi kumwona mtoto kama sisi ndani ya kitabu. Tulidhani vitabu ndivyo vilivyo.

Wakati huu tulipopata vitabu vichache vya namna hiyo, vilivyokwisha kutumika kwingine na kurasa zake zimelegea, tuliwasomea watoto wetu. Walicheka, walifurahi, waliomba turudie. Mtoto ni mtoto, poti ni poti. Lakini maswali yao yalitufundisha. Mmoja wa miaka minne aliangalia picha ya nyumba yenye baba, mama na mtoto mmoja, akauliza: "Mama, ule mutoto kambo yake iko wapi?" Tukapindua kurasa zote. Kambo hakuwamo. Hapakuwa na shangazi, wala jirani anayeingia bila kubisha, wala mtoto wa marehemu dada anayelelewa pamoja na wengine. Kwa mtoto wetu nyumba ile ilikuwa na upungufu. Aliwahurumia watu wale.

Tukatafuta vitabu vya Kiswahili. Kuna akiba nzuri inaitwa African Storybook, iliyofunguliwa mwaka 2014 na taasisi ya elimu ya Afrika ya Kusini, yenye vitabu vya picha katika lugha nyingi za Afrika. Vinapakuliwa bure kwa simu, na mtu anaruhusiwa kuvichapa, kuvitafsiri na kubadili maneno. Humo watoto wetu waliona soko, mbuzi, mama mwenye kitenge na mtoto mgongoni. Walikaa kimya kwa mara ya kwanza, ule ukimya wa mtoto anayetambua kitu. Pale palipoandikwa ugali tulisoma bukari. Pale palipoandikwa shule tulisoma masomo. Mtoto wa miaka mitatu hahitaji kujifunza Kiswahili cha mbali kabla ya kujua kwamba kile cha nyumbani kwake kinaweza kuandikwa. Kile cha mbali atakifikia baadaye.

Na nchi yetu ina mchoraji mkubwa wa vitabu vya watoto, Dominique Mwankumi, ambaye vitabu vyake vilichapwa Ufaransa na shirika la l'école des loisirs. Katika "Prince de la rue" alimchora mtoto wa mitaani wa Kinshasa anayetengeneza michezo kwa vitu vilivyotupwa. Tunamtaja kwa sababu alitutia moyo. Mtoto wa Kongo, pamoja na vumbi lake na akili yake, anaweza kukaa katikati ya ukurasa, si pembeni. Lakini mtoto wa Kinshasa si mtoto wa Kapata. Hapa hakuna mto mkubwa. Hapa kuna nyumba zilizopangwa kwa mistari, zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa mgodi, kuna udongo mwekundu, kuna malori, kuna ziwa Malo. Kazi hiyo ilibaki kwetu.

Tukaanza kwa kuulizana: mtoto wetu anapitia mambo gani, na kwa mpangilio upi? Tulikuwa wamama kumi na wawili na kambo wawili, na orodha ilijaa haraka. Kushika kichwa chake. Kukaa bila kuegemezwa. Kutambaa, na kila kitu cha chini kuingia mdomoni. Kusimama dede, watu wote wakipiga makofi. Kuota meno, na kumuuma mama. Kuachishwa ziwa. Kuacha kukojoa kitandani. Kuosha uso mwenyewe. Kumpa mdogo wake nafasi mgongoni mwa mama, jambo gumu kuliko yote. Kuvaa viatu, cha kulia mguu wa kushoto. Kutumwa kwa jirani kuomba chumvi na kurudi nayo. Kung'oka jino la utoto na kulitupa juu ya bati. Na lile ambalo kambo mmoja alitukumbusha: kupitisha mkono juu ya kichwa na kushika sikio la upande wa pili. Zamani, mtoto ambaye hakuwa na karatasi ya kuzaliwa alipimwa hivyo mlangoni mwa masomo. Mkono ukifika sikioni, umefika wakati wake. Usipofika, rudi nyumbani ukacheze mwaka mwingine.

Tulicheka sana siku ile, halafu mama mmoja akasema jambo lililotunyamazisha. Alisema kwamba mtoto wake wa kwanza ana kitabu kimoja tu kinachosimulia utoto wake, nacho ni karatasi ya kilo. Ninyi nyote mnaijua: ile tunayopewa kwenye kituo cha afya, yenye mstari unaopanda kama mtoto anaongezeka na kushuka kama anapungua. Yeye ameitunza ndani ya plastiki pamoja na karatasi ya ubatizo. Ndani yake kuna chanjo, kilo na tarehe. Hakuna siku alipocheka.

Kupima watoto si jambo jipya kwetu. Tangu miaka ya 1920 Union Minière ilipoanza kutaka wafanyakazi waishi na wake zao kambini, watoto wa migodi walipimwa na kuandikwa, na mama zao wakafundishwa kushona na kulea kwa namna ya kampuni. Kulikuwa na mgao wa chakula wa kila juma, ndiyo sababu hata leo tunaiita juma posho. Kulikuwa na masomo na hospitali. Kulikuwa na gazeti la kampuni, "Mwana Shaba", tangu mwaka 1957, na baadaye "Mwana Shaba Junior" kwa vijana, lenye hadithi za picha. Hatusemi kwamba yale yalikuwa paradiso. Kampuni ilihesabu watoto kwa sababu ilihesabu wafanyakazi wa kesho. Lakini mtoto alikuwa na njia iliyojulikana: kituo cha kilo, masomo, kazi akiwa mtu mzima. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, mishahara ikaanza kukawia, kisha kukosekana. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa malipo ya mara moja. Baba zetu wengine walikuwamo. Njia ile ikakatika, na jembe na saki vikaingia ndani ya nyumba.

Hapo ndipo tulipofikia ukurasa uliotugawa.

Mvulana anayechora vibao vya maduka alikubali kutuchorea. Tulikuwa tumefika umri wa miaka sita. Akauliza: "Mama, hapa nichore nini?" Mmoja wetu akajibu bila kufikiri sana: "Mchore anaosha mawe." Alisema kweli. Sisi wenyewe tunaosha mawe. Wengine tunatwanga, wengine tunachagua, wengine tunauza bukari na maharagwe kwa wanaochimba. Na ye yote anayepita Malo anajua kwamba watoto wamo, wengine wameshika beseni dogo linalowatosha wao.

Upande mmoja ulisema: tukiacha kuchora ziwa, tumerudi kwa Martine. Mtoto ataona tena kitabu ambacho nyumba yake haimo. Ataelewa kwamba kazi ya mama yake ni aibu, kwamba mikono ya mama yake yenye mipasuko haistahili kuchorwa. Upande wa pili ulisema: kitabu hiki ni kitabu cha hatua. Kila ukurasa unamwambia mtoto, "Hongera, umefika." Tukimchora na beseni baada ya jino na baada ya viatu, tumemwambia kwamba beseni nayo ni hatua. Tumeiwekea rangi na kitenge.

Tulibishana posho mbili. Sauti zilipanda. Mama mmoja, ambaye mtoto wake wa miaka saba huenda naye ziwani, alilia kwa hasira. Alisema: mnanihukumu, mimi simpeleki kwa kupenda, nitamwacha na nani? Hakuna aliyekuwa na jibu la haraka, na ni vizuri hatukuwa nalo. Kila mtu alijua kwamba neno lake ni la nyumba nyingi. Elimu ya msingi katika masomo ya serikali ilitangazwa kuwa bila malipo tangu Septemba 2019, na tunashukuru. Lakini masomo ya asubuhi yanaisha mchana, na daftari, viatu na sabuni ya kufulia uniforme bado vinanunuliwa. Na mtoto wa miaka mitatu hana darasa la kumpokea.

Ni kambo wa mkono na sikio aliyetutoa. Alisema: "Ninyi mnauliza mtoto achorwe anafanya nini. Mimi nauliza mkono wake umefika wapi. Sikio halijafikiwa, hata masomo yalimrudisha. Nani alisema ziwa limpokee?"

Hatukuwa tumelifikiria hivyo. Wazee wetu, ambao hawakuwa na karatasi, walijua kwamba kila jambo lina urefu wake wa mkono. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inasema vilevile kwa maneno yake: mtoto ni kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Sheria iko Kinshasa, ndani ya kabati. Sikio liko hapa kichwani, kila mtoto analo. Hatua za utoto si mapambo. Ni mpangilio, na mpangilio ukiandikwa, mtu hawezi kuuruka kimya kimya. Hilo ndilo jibu letu kwa wanaouliza kwa nini tunakata karatasi.

Basi ukurasa ule ulichorwa hivi. Upande wa kushoto kuna mama, amejifunga kitenge, beseni kichwani, ziwa liko nyuma yake na jua linatoka. Amechorwa mzuri, kwa sababu ni mzuri. Chini pameandikwa: Mama anaenda kazi. Upande wa kulia kuna mtoto amekaa kwenye mkeka na kambo na watoto wengine wawili, mkono umepita juu ya kichwa, ncha za vidole zinatafuta sikio. Chini pameandikwa: Mimi bado. Maneno mawili tu. Watoto wanapenda ukurasa huo kuliko yote. Tukifika hapo wote wanajaribu mikono yao na kupiga kelele: "Mimi bado!"

Ukurasa haukai peke yake, unadai. Baada ya kuuchora tuliona haya kuufunga na kwenda zetu. Tulikubaliana kwamba nyumba mbili za mtaa wetu zitawapokea watoto wa wenzetu siku mbili kwa posho, kambo wakilinda, kila mama akileta kikombe cha unga au makala kidogo. Ni siku mbili, si sita. Mama aliyelia anamleta mtoto wake siku hizo mbili akitoka masomo. Siku nyingine bado anaenda naye. Tunaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo.

Ukurasa mwingine uliotuletea maneno ulikuwa wa nywele. Tulimchora baba akimsuka binti yake wakati mama yuko sokoni. Wababa walipoona walicheka: mkono wa kuchimba usuke mistari? Tukawaonyesha picha za kitabu cha Marekani, "Hair Love", cha mwaka 2019, kilichoandikwa na Matthew Cherry na kuchorwa na Vashti Harrison, ambamo baba anahangaika na nywele za binti yake hadi anazipata. Mmoja wa wababa alichukua simu, akaangalia picha zote bila kusema, akarudisha. Hatujasikia kwamba amesuka. Lakini sasa mtoto wake akileta kitabu, ni kwake anakipeleka kwanza, na yeye anakifungulia hapo kwenye nywele.

Mavazi nayo yana kurasa zake, maana mtoto anajua kupendeza kabla hajajua kuhesabu. Kila mwaka, tarehe 8 Machi, sisi tunashona kitenge cha sikukuu ya wanawake, na vipande vinavyobaki vinakuwa kanzu ya mtoto au kaptula. Tuligandisha kipande cha kweli cha kitenge kwenye ukurasa huo, mtoto akiguse. Chini pameandikwa: Mimi na mama, nguo moja.

Kwa vikundi vinavyotaka kujaribu, kazi yenyewe ni hii. Chukueni katoni nyembamba, kateni vipande vinane vilivyo sawa, upana wa viganja viwili. Gandisheni karatasi nyeupe pande zote mbili kwa gundi ya unga wa muhogo: kijiko cha unga ndani ya maji baridi, korogeni, pikeni hadi iwe nzito na iangaze, iacheni ipoe. Toboeni matundu matatu kwa msumari, shoneni kwa uzi wa nailoni, funikeni mgongo kwa kitenge. Ukurasa mmoja, picha moja, sentensi moja isiyozidi maneno sita. Acheni nafasi ya jina la mtoto kwenye ukurasa wa kwanza, liandikwe kwa herufi kubwa. Tunzeni kitabu ndani ya mfuko wa plastiki, maana vumbi la hapa mnalijua, na panya wanapenda gundi ya muhogo kuliko sisi.

Mama asiyejua kusoma asiogope, hata kidogo. Kitabu cha picha kinasomwa kwa kidole. Mweke mtoto mapajani, mwache apindue yeye, hata akianzia mwisho. Muulize: huyu ni nani? Anafanya nini? Wewe ulifanya hivyo lini? Halafu ngojea. Kungojea ndiko kugumu, maana sisi tumezoea kumjibia. Mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kiliwaomba madaktari wawashauri wazazi kumsomea mtoto kwa sauti tangu akiwa mchanga, kwa ajili ya lugha yake na kwa ajili ya upendo kati yake na mzazi. Kambo zetu walikuwa wakifanya hivyo kwa hadithi za jioni kando ya moto. Dakika kumi zinatosha, kabla ya taa kuzimwa au umeme kukatika.

Hadi sasa tuna vitabu kumi na vinne, na hakuna kinachofanana na kingine. Kimoja kina mtoto mwenye mguu uliopinda, kwa sababu mwenye kitabu ana mguu uliopinda, na hatua yake ya kwanza ilikuja akiwa na miaka mitatu. Kimoja hakina baba ndani yake, kina wajomba watatu. Kimoja kina ukurasa mtupu, maana mama yake anangojea jino.

Jumamosi ijayo tutakutana saa nane mchana, mahali petu pa kawaida. Kila mmoja alete katoni moja, kipande cha kitenge kinacholingana na kiganja, na jambo moja dogo ambalo mtoto wake alilifanya kwa mara ya kwanza mwaka huu. Asiye na mtoto mdogo amlete kambo wake, tutamwekea kiti. Mvulana wetu wa vibao atakuwapo na rangi zake. Amesema safari hii nyekundu ya udongo ameinunua nyingi.